Mtoto wa Ziwani na Shairi la Kiswahili

Miongoni mwa mambo yanayowatia hofu vijana wetu wa shule za sekondari huku Migori na Homa Bay, shairi lina mahali pa mbele. Utamwona kijana hodari wa hesabu, tena mwenye kujibu swali la riwaya kwa kurasa tatu bila kupumzika, lakini akilifikia swali la ushairi huifunua karatasi upesi kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Ukimwuliza sababu, atakujibu kwamba mashairi ni mambo ya watu wa pwani, na kwamba maneno yake yamefungwa kwa kufuli ambayo ufunguo wake uko Mombasa au Lamu. Maneno hayo husemwa na wanafunzi, husemwa na wazazi, na pengine husemwa hata na walimu. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba hayana msingi, na kwamba ufunguo huo unao ndugu zake wengi katika nyumba zetu wenyewe.

Kwanza tutazame hasara yenyewe. Kiswahili kilifanywa somo la lazima katika shule zetu tangu mpango wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, na mtihani wa KCSE ukafanywa mara ya kwanza mwaka 1989. Karatasi ya tatu ya Kiswahili ni ya fasihi, nayo ina alama 80, kila swali likiwa na alama 20. Mtahiniwa hujibu maswali manne: moja ni la lazima, na mengine huyachagua. Basi kijana aliyeapa kutogusa ushairi amejipunguzia uchaguzi kabla ya kuingia chumba cha mtihani. Na ikitokea kwamba swali la lazima ni la ushairi, hana pa kukimbilia. Mzazi aliyeuza ng'ombe wawili kulipa karo atasikia tu kwamba mtoto "alianguka kidogo katika Kiswahili", wala hataambiwa kwamba alianguka mahali pale pale alipokataza macho yake yasitazame.

Lakini hasara iliyo kubwa zaidi ya alama ni ile ya maisha. Asiyejua kusoma lugha ya mafumbo atadanganywa kwa mafumbo. Mwuzaji wa mbegu husema kwamba mbegu zake ni dhahabu. Mgombea uchaguzi hujiita daraja la wananchi. Mkopeshaji wa fedha huuita mkopo wake mkono wa ndugu. Hizo zote ni istiari, na kila moja ina kitu inachoonyesha na kitu inachoficha. Daraja hukanyagwa na watu wote. Je, bwana yule yu tayari kukanyagwa? Kijana aliyezoezwa kuuliza swali la namna hiyo mbele ya shairi ataliuliza vile vile mbele ya mkataba wa miwa au wa tumbaku. Kwa hiyo somo la ushairi si pambo la shule. Ni somo la kutodanganyika.

UGUMU ULIOPO

Haifai kujidanganya kwamba hakuna ugumu. Kwa wengi wa watoto wa wilaya zilizokuwa South Nyanza, Kiswahili ni lugha ya pili au ya tatu. Mtoto wa Ndhiwa au Rongo hunyonya Kijaluo, nacho si lugha ya Kibantu. Mtoto wa Kuria ana nafuu kidogo, kwa kuwa Kikuria kina ngeli za majina kama Kiswahili, na vivyo hivyo Kisuba cha Rusinga na Mfangano kwa wale wanaokisema bado.

Ugumu wa kwanza ni wa sikio. Kijaluo cha asili hakina sauti ya "sh" wala ya "z". Wazee wengi husema "samba" wakikusudia "shamba", na hakuna anayewaelewa vibaya sokoni. Lakini katika shairi jambo hilo lina uzito, kwa maana vina ni sauti. Mwanafunzi anayetamka "pasha" sawasawa na "pasa" hataona tofauti ya kina cha "sha" na kina cha "sa". Atahesabu vina viwili tofauti kuwa kimoja, na jawabu lake lote juu ya mpango wa vina litapotoka.

Ugumu wa pili ni wa hesabu ya mizani. Katika Kijaluo maneno mengi hukoma kwa konsonanti: maziwa ni "chak", silabi moja tu. Katika Kiswahili kila silabi huachwa wazi, na "maziwa" ni mizani mitatu kamili. Tena kuna ile "m" inayosimama peke yake: neno "mtu" lina mizani miwili, m-tu, na "mtoto" lina mitatu, m-to-to. Mwanafunzi asiyefundishwa jambo hili mapema huhesabu mshororo wa mizani 16 akapata 14 au 15, kisha akaandika kwamba mshairi amekosea. Mshairi hakukosea; aliyehesabu ndiye aliyeruka.

Hata hivyo, tusiwahurumie watoto wetu kupita kiasi. Sikio la Mjaluo ni kali. Hutofautisha "tim", yaani tendo, na "thim", yaani nyika, tangu utotoni, na tofauti hiyo humshinda mgeni kwa miaka. Sikio lililoweza hayo litaweza "sha" na "sa", likizoezwa kwa kusoma kwa sauti badala ya kusoma kwa macho tu. Mwalimu awafanye wapige makofi, kofi moja kwa kila silabi, darasa zima pamoja. Baada ya majuma mawili hesabu ya mizani haitakuwa fumbo tena.

MAFUMBO YAKO NYUMBANI

Ama kuhusu tamathali za usemi, hapo ndipo tunapomwibia mtoto mali yake mwenyewe na kumwambia kuwa ni maskini. Ni nani katika nchi ya ziwa asiyejua pakruok? Mpiga nyatiti anapokuwa katikati ya wimbo, mtu husimama, hutoa fedha, huunyamazisha muziki, kisha hujisifu au humsifu rafiki yake kwa majina ya mfano: yeye ni mti fulani, ni mnyama fulani, ni mwamba usiotikisika. Watu wote hucheka na kuelewa. Hakuna anayeinua mkono kuuliza, "Je, bwana huyu ana majani?" Basi huko ndiko kuitambua istiari, na huko ndiko kuifurahia. Wakuria nao wana litungu lao, na nyimbo zake hazikosi mafumbo.

Tena kuna hadithi ya Luanda Magere, shujaa aliyekuwa na mwili wa jiwe. Mikuki ya adui ilimgonga ikaanguka chini, mpaka mwanamke aliyeolewa kwake kutoka kwa adui alipoigundua siri, ya kwamba nguvu zake zilikuwa katika kivuli chake. Adui wakapiga kivuli, na shujaa akafa. Hadithi hiyo yafaa kuwa somo la kwanza la ushairi. Mwambie mwanafunzi hivi: anayelipiga shairi juu ya jiwe lake, yaani juu ya maana ya maneno ya kawaida peke yake, mkuki wake utarudi mikononi. Piga kivuli. Na kivuli hakipatikani bila jiwe. Huwezi kuacha maneno yaliyoandikwa ukaenda kubuni maana yako kichwani.

Karibu na Kendu Bay liko ziwa dogo la Simbi Nyaima, ambalo wazee husimulia kwamba ni kijiji kilichozama baada ya kumnyima ajuza mahali pa kujisitiri. Mtoto aliyepita hapo anajua ishara ni nini. Maji yale si maji tu. Ni ukarimu ulionyimwa. Mwalimu akianza na ziwa hilo, neno "ishara" litaingia kichwani bila nguvu.

SHAIRI MOJA MBELE YA DARASA

Sasa natuone jinsi kazi yenyewe inavyoweza kufanywa. Kila mkazi wa Mbita au Sori amekwisha kuona usiku taa za wavuvi wa omena zikimetameta ziwani kama mji. Nimetunga ubeti mmoja juu ya taa hizo, kwa ajili ya mfano tu:

Taa yangu ya ziwani, usiku inayowaka,
Yaita samaki ndani, kwa nuru isiyochoka,
Waja mbio furahani, wavuni wakanasika,
Vijana jihadharini, si kila nuru mwafaka.

Hatua ya kwanza ni kusoma kwa sauti mara tatu. Mara ya kwanza mwalimu asome, mara ya pili darasa lote, mara ya tatu mwanafunzi mmoja. Mtu asiulize maana kwanza.

Hatua ya pili ni kuitazama mifupa. Mishororo ni minne, basi ubeti huu ni tarbia. Kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao, na kila kipande kina mizani minane: ta-a-ya-ngu-ya-zi-wa-ni. Vina vya kati ni "ni" na vya mwisho ni "ka" toka juu hata chini. Kama beti zote za shairi zingefuata vina hivyo hivyo, shairi lingeitwa mtiririko. Kama vina vya upande mmoja vingebadilika toka ubeti hata ubeti, lingeitwa ukara. Kama vyote vingebadilika, ukaraguni. Majina haya yana faida, lakini ni majina ya mifupa, wala mifupa haijawa mtu.

Hatua ya tatu ni kuuliza: Nani anasema, naye anamwambia nani? Anayesema ni mvuvi mwenye taa, kwa maana amesema "taa yangu". Anawaambia vijana. Jambo hili wanafunzi wengi hulipita mbio, nalo ndilo lenye utamu, kama tutakavyoona.

Hatua ya nne ni kuusema ubeti kwa maneno ya kawaida, yaani kwa lugha ya nathari: Taa yangu, ambayo huwaka usiku ziwani, huwaita samaki walio majini kwa mwanga usiokoma. Samaki huja mbio kwa furaha, kisha hunaswa wavuni. Enyi vijana, jihadharini, maana si kila mwanga unafaa. Hapa ndipo mwanafunzi atakapouona uhuru wa mshairi. "Usiku inayowaka" imepinduliwa kutoka "inayowaka usiku", ili kina cha "ka" kikae mwisho. Huko ni kuboronga sarufi. "Kwa furaha" imekuwa "furahani", ili kina cha "ni" kipatikane. Mwanafunzi asiseme tu kwamba uhuru umetumika. Aseme umetumika wapi na kwa haja gani.

Hatua ya tano ni tamathali. Taa "yaita", na nuru "haichoki": vitu visivyo na uhai vimepewa matendo ya watu, na hiyo ni tashihisi. Neno "nuru" limekuja mara mbili, lakini halikuja na maana ile ile. Mara ya kwanza ni mwanga wa taa ya mvuvi. Mara ya pili limekuwa istiari ya kila kitu king'aacho kinachomvuta kijana: fedha za haraka, mji mkubwa, rafiki mwenye pikipiki mpya. Mwanafunzi akiandika "kuna takriri ya neno nuru" amehesabu. Akiandika kwamba neno limerudi likiwa limebadilika, amesoma.

Hatua ya sita ni kuutafuta mgeuko. Mishororo mitatu ya kwanza yazungumza juu ya samaki. Wa nne waacha samaki ghafula na kuwageukia watu. Hapo ndipo umbo la shairi linapofanya kazi. Vina havikubadilika, mizani haikubadilika, lakini msikilizaji amebadilika. Samaki na kijana wamefungwa kwa kina kimoja, kana kwamba wako katika wavu mmoja. Naye anayewaonya vijana ni nani? Ni mwenye taa mwenyewe, yule mtegaji! Je, tumwamini kwa kuwa anaijua hila, au tumwogope kwa kuwa anaitumia? Darasa likifika hapo likaanza kubishana, mwalimu anyamaze. Kazi yake imekwisha kufanikiwa.

NDUGU WA NG'AMBO

Katika masomo ya Kiingereza vijana hao hao huweza kukutana na soneti, nalo huwaogopesha mara mbili zaidi. Lakini soneti ni ndugu wa tarbia kwa tabia. Lilianza kisiwani Sicily katika karne ya 13, likasitawishwa Italia na Petrarca, aliyefariki mwaka 1374, kisha likavuka hata Uingereza. Mishororo yake ni 14. Kwa desturi ya Italia hugawanywa mafungu mawili, minane kisha sita, na kati ya mafungu hayo mawili maana hugeuka. Kwa desturi ya Kiingereza, ambayo Shakespeare aliifuata katika soneti zake 154 zilizopigwa chapa mwaka 1609, huwa na mafungu matatu ya mishororo minne minne, na mwisho mishororo miwili yenye kina kimoja, inayofunga hoja kama fundo la kamba.

Basi mwanafunzi aliyeuona mgeuko katika ubeti wa taa ya ziwani ana haja gani ya kuliogopa soneti? Ataliendea kwa maswali yale yale: Nani anasema? Mafungu ni mangapi? Mfano gani umo katika kila fungu? Maana imegeuka wapi? Mishororo miwili ya mwisho yakubaliana na ile ya kwanza, au yaikana? Tofauti iko katika mpango wa vina, ambao katika soneti la Kiingereza hupishana, wa kwanza na wa tatu, wa pili na wa nne. Mwalimu wa Kiingereza na mwalimu wa Kiswahili wakikaa pamoja nusu saa tu kwa juma, watoto wataona kwamba wanajifunza kazi moja kwa lugha mbili.

SHERIA NA WALIOZIVUNJA

Wasomaji wengine watauliza, je, si kweli kwamba mashairi ni ya pwani? Kwa asili yake, naam. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, ndiye anayekumbukwa zaidi kwa kuitumia tarbia katika mambo ya kila siku ya mji wake. Lakini sheria hizo ziliandikwa zikawa mali ya kila anayesoma. Sheikh Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, hakuona kwamba Kiswahili chake ni haramu kwa watu wa bara. Baadaye walitokea waliozivunja sheria. Euphrase Kezilahabi, mtoto wa kisiwa cha Ukerewe katika ziwa hili hili letu, alitoa diwani yake ya *Kichomi* mwaka 1974 kwa mashairi yasiyofungwa na vina wala mizani. Mabishano yakawa makali miaka mingi. Leo vijana husoma aina zote mbili, na swali la mtihani laweza kuwa juu ya yoyote. Wakumbuke kwamba hata shairi huru lina umbo: mshororo umekatwa mahali fulani kwa sababu fulani, nayo sababu hiyo ndiyo ya kutafutwa.

Kama yupo anayedhani bado kwamba kusoma mafumbo ni mchezo wa watoto, na amkumbuke Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Alifungwa toka mwaka 1969 hata 1972 kwa ajili ya karatasi aliyoiandika kuuliza Kenya inakwenda wapi. Gerezani alitunga mashairi, akayaandika juu ya karatasi za msalani, nayo yakatoka mwaka 1973 kwa jina la *Sauti ya Dhiki*. Mojawapo lamtaja mamba wa mtoni. Asiyejua istiari atasoma habari za mnyama. Ajuaye atasoma habari za utawala. Kitabu hicho kilipata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Ndipo tuonapo kwamba fumbo laweza kupita mahali ambapo neno wazi lingezuiwa, na kwamba nchi yenye wasomaji wasioelewa mafumbo imewaacha washairi wake peke yao.

YATUPASAYO

Mwalimu awape wanafunzi mkasi kabla ya kalamu: aukate ubeti vipande, auchanganye, awaambie waupange tena kwa kufuata vina na maana. Kisha awaambie watunge ubeti mmoja kila juma juu ya mambo wanayoyajua, miwa ya Awendo, tope la barabara, mama sokoni Oyugis. Aliyewahi kuhangaika kutafuta kina cha "ka" hatamdharau tena mshairi. Wale wanaokariri mashairi katika tamasha za muziki na za maigizo wasiachiwe kukariri kama kasuku. Waulizwe kila ishara ya mkono inafasiri neno gani.

Mzazi naye asiseme, "Mimi sikusoma mambo hayo." Jioni, kazi za shamba zikiisha, amwulize mtoto amsomee ubeti mmoja, kisha amwambie methali ya nyumbani inayolingana nao. Nyanya asiyejua kusoma hata herufi moja aweza kuwa mwalimu mzuri kuliko kitabu cha majibu, kwa sababu yeye amekuwa akisema kwa mafumbo maisha yake yote.

Na kijana, usiifunue karatasi ile upesi. Hesabu mizani kwa kidole mezani, tafuta anayesema, tafuta mahali maana inapogeuka. Fumbo mfumbie mjinga, walisema wahenga, mwerevu huligangua. Wala werevu huo hauzaliwi pwani peke yake.